Ukurasa wa Kumi na Nne

Simu ya wizarani huita mara mbili, hunyamaza,
kisha huita tena. Mlio wake tunaujua
kama mtoto ajuavyo kikohozi cha babaye.

Wickramasuriya, mhariri wetu, husimama kuipokea.
Husimama! Chumbani tupo mimi, yeye na feni,
na wa upande wa pili haoni kama kasimama au kalala.
"Ndiyo, mheshimiwa. Kabisa, mheshimiwa."

Juzi Mto Kelani ulivunja kingo.
Nilikuwa nimepitisha kichwa cha habari: SITINI NA TATU WAFARIKI.
Kilirudi na wino mwekundu:
WATU KADHAA WAATHIRIKA, SERIKALI YACHUKUA HATUA,
na picha ya waziri ndani ya buti mpya za mpira,
upana wa safu nne.

Mimi ni msahihishaji. Miaka ishirini na sita
nalipwa kuchambua kurasa kama mchele,
chuya huku, punje kule.
Usiku ule nililipwa kurudisha chuya sahanini.
*Kadhaa.*
Tahajia yake haina kosa.
Kalamu yangu ilikosa pa kutua.

Gazeti hili ni mali ya umma;
limeandikwa hivyo mlangoni, kwa lugha tatu.
Umma hauna namba yetu ya simu.

Saa tano akaja Nilanthi wa matangazo
na bahasha iliyolowa.
"Tanzia," akasema. "Zimelipiwa. Zimezidi nafasi."
Hewage Sumanapala, mwalimu mstaafu.
Ruwani, na mama yake Ruwani.
Mtoto wa kina Kanagaratnam, siku tisa,
hajapewa jina.

Hakuna aliyewahi kutupigia simu
kuhusu ukurasa wa kumi na nne.
Nikapunguza herufi, nikabana mistari,
herufi zetu za duara zikashikana mabega
mpaka wakaenea wote.
Sikuwahesabu. Niliogopa mkono wangu
usije ukazoea.

Asubuhi, njiani kwenda stesheni ya Maradana,
vibendera vyeupe vya msiba vilikwisha tundikwa uchochoroni,
vimenyauka kwa mvua.
Muuza karanga alikuwa anachana gazeti letu.
Za rupia mia alinifungia
ndani ya buti za waziri.
Karatasi moja aliikunja mara nne,
akaibana chini ya mawe ya mizani.

"Hiyo je?" nikamuuliza.

"Hiyo bado inasomwa."