Sindano ya Masika

Oktoba, Rondo. Mikorosho imevaa vumbi
na mimi, Somoe, nimevaa glavu.
Ndani ya bomba hili, jembamba kuliko mwiba wa nungunungu,
nimebeba mvua.

Huyu dume ana gramu tano tu.
Namgeuza tumbo juu kama mtoto wa kupakwa poda,
namchoma chini ya ngozi:
homoni kidogo, uongo kidogo,
kwamba radi imeshapiga kule bondeni
na vidimbwi vimejaa.

Jike nilimchoma jana. Amevimba, ametulia
kwenye beseni la buluu
nililokuwa nikikandia maandazi.

Saa nne usiku koo la dume likatuna.
Akaita: kifuniko cha soda kikikwaruzwa sakafuni.
Nikatia mkono niwasogeze,
naye, kwa pupa ya bwana harusi,
akakikumbatia kidole changu gumba.

Kidole, jamani!
Nikabaki hivyo, tochi mdomoni,
sikumbandua upesi.
Mimi ndiye niliyemdanganya kuhusu mvua;
atajuaje ukweli kuhusu mke?

Asubuhi maji ni yaleyale, matupu.
Nje, bila kuchomwa na mtu,
wingu limesimama juu ya Rondo.