Mfuko

Tarehe saba nafungua posta saa mbili kamili,
nawasha jiko la kuni, nafuta ukungu kwenye kioo,
na wao wameshafika.
Kumi na wanane, wamejibanza ukutani,
kila mmoja na kitambulisho ndani ya plastiki
kama mkate unaoogopa unyevu.
Wa kumi na tisa yuko juu mlimani.

Mwaka nilioajiriwa, orodha ya Dolna Breza
ilikuwa na majina mia mbili na sita,
na shule iliyo mkabala ilikuwa na kengele.
Kengele ingalipo. Ulimi wake
waliunyofoa wakauza chuma chakavu.

Siku hizi jina nalikata kwa rula,
mstari mwekundu, mmoja, ulionyooka,
kisha naenda kubandika tangazo mlangoni pa marehemu:
picha, miaka, "hatutakusahau".
Gundi nanunua mwenyewe.
Sofia hawana fungu la gundi.

Majuzi walimtuma kijana na kompyuta.
Akatuonyesha piramidi
iliyosimama kwa kichwa.
Zamani, alisema, wanne walimbeba mstaafu mmoja;
sasa anabebwa na mmoja na nusu.
Mzee Radko, kiziwi wa sikio la kushoto, akauliza:
"Huyo nusu ni yupi? Mleteni anipasulie kuni."
Tukacheka. Kijana naye akacheka,
halafu akaifunga kompyuta polepole,
kama mtu anayemfunika maiti uso.
Lakini nilimwona, wakati wa chai,
akijumlisha miaka yake mwenyewe pembeni mwa karatasi.
Naye hukatwa kila mwezi.
Naye anauliza kimoyomoyo: wangu atanibeba nani?

Wanasema mfuko wa taifa umetoboka.
Mfuko ninaoujua mimi ni huu wa ngozi,
nilioachiwa na tarishi wa kabla yangu,
umeshonwa mara tatu, haujadondosha hata senti.
Nao mwaka hadi mwaka unazidi kuwa mwepesi,
na bega langu linazidi kuuma.
Nieleze, wewe mwenye hesabu.

Kuhusu umri wa kustaafu, sina maneno mengi.
Ni kivuli changu asubuhi, jua likiwa mgongoni:
napiga hatua, kinapiga hatua.

Bibi Nedelya alisindika nyanya miaka thelathini na saba.
Akakatwa, akatia sahihi; akakatwa, akatia sahihi.
Sasa anapanga noti juu ya kitambaa cha meza:
hizi za kuni,
hizi za vidonge vya moyo,
hizi za umeme,
na moja anaisukuma chini ya kisahani cha paka.
"Hiyo ya jeneza," ananiambia, "paka hasemi."
Kiinua mgongo, ndivyo pesa hizi zilivyopewa jina.
Mgongo wa Nedelya umeinama hadi anaongea na magoti yangu.

Mwanawe Ivelina yuko Bergamo.
Anamwogesha mwanamke wa umri wa mama yake,
anamchana, anamlisha supu, anamgeuza ubavu usiku,
na michango yake inaingia mfuko wa huko.
Jumapili anapiga simu ya video:
"Mama, umekula?"
Nedelya anaishika simu kichwa chini.
Bintiye anaongea na dari,
anaisifu dari kwamba inaonekana na afya.

Saa nane nafunga daftari. Sahihi kumi na nane.
Nafungia mlango, naanza kupanda;
theluji ya Machi imekuwa tope, njia inateleza.
Penye kona ya mlozi husimama kwanza,
kila mwezi, papo hapo,
natazama bomba la jiko lake kabla ya kwenda mbele,
maana nimeshafika kwenye nyumba zisizotoa moshi
na najua miguu inavyokuwa mizito kurudi.

Leo upo. Mwembamba, umelalia upande.

Mfukoni, kati ya bahasha na muhuri,
kuna mkasi wa kucha.
Kumkata kucha si kazi ya posta.
Hakuna fomu yake.