Kalamu ya Risasi

Maktaba yetu zamani ilikuwa duka la kukodisha sinema,
nyuma ya kituo cha mafuta, kaskazini kabisa mwa Saskatchewan.
Harufu ya bisi haijatoka kwenye zulia.
Januari, baridi ikishuka hadi hasi thelathini na nane,
watu huingia kwanza kuota moto,
kisha kupiga soga,
na kusoma huja kwenyewe, kama usingizi.

Bi. Ernestine Opikokew ndiye mkutubi,
ndiye fundi wa mashine ya kunakili,
ndiye ajuaye nani kapata barua ya mahakama asiyoielewa.
Faini hatozi.
"Kitabu kikikaa kwa mtu mwaka mzima,
basi kimeolewa."

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba, kazi yangu kubandua lebo.
Vitabu vinavyotuhusu sisi Wakrii vilifika kutoka mjini
vimekwisha pewa namba: rafu ya Historia,
baina ya mapiramidi na falme zilizozikwa.
Nilipuliza gundi kwa kikausha nywele, nikakwangua kwa ukucha.
Cha mitego tukakipeleka Kazi na Ajira.
Cha mizizi, Afya.
Cha mikataba Bi. Ernestine alikipima mkononi
kama samaki anayeshuku uzito wake:
"Hiki weka Madeni."

Mkaguzi alikuja, viatu vikichuruzika theluji.
"Mtavuruga mfumo," alisema.
Akapewa chai. Akanywa vikombe vitatu.
Mfumo ukavurugika.

Isidore Natomagan hakuwa msomaji.
Alikuja kwa ajili ya hita na kubishana juu ya hoki.
Siku hiyo, kwa kukosa wa kubishana naye,
akafunua kitabu kinene cha profesa fulani,
picha, mwaka 1931:
*Mwanamke akiparua ngozi. Jina halijulikani.*

"Halijulikani na nani?"

Hita ikanguruma. Hakuna aliyejibu.

"Huyu Philomène. Dada yake mama.
Alikuwa na jino la dhahabu
na kwenye karata alikuwa mwizi."

Ukutani, kwa mwandiko wa Bi. Ernestine mwenyewe:
MARUFUKU KUANDIKA NDANI YA VITABU.
Akalitazama tangazo. Akamtazama Isidore.
Akavuta droo, akatoa kalamu ya risasi,
akaichonga taratibu, maganda yakidondoka mezani,
akampa.

Mkono ulimtetemeka. Mara ya mwisho kushika kalamu kwa lugha hii
ilikuwa shule ya bweni, na rula ilijua vifundo vyake kimoja kimoja.
Aliandika kwa herufi zetu, zile za pembe na nukta,
makubwa, kama ya kaburini,
jina likapita pambizo likagusa sketi yake.

Kesho yake walikuja wanne. Jumamosi, foleni.
"Huyu si mwindaji, huyu Josué, aliogopa maji."
"Huyu hakuwa mkewe!" Kicheko, mpaka mtu akakohoa.
Kalamu ikafupika ikawa kama kidole cha mtoto.

Kitabu hicho hakiazimwi tena. Kiko kaunta, kimefungwa kwa uzi.
Umebaki ukurasa wa tisini na mbili:
mtoto wa kike, koti la kuazima, amemkumbatia mbwa.
Kila anayeingia huoneshwa.
Mtoto bado hakuna amjuaye.

Mbwa tunamjua. Tumemwandika.