Mchoro wa Tatu

Kwenye mchoro wa kwanza bembea zilikaa bondeni,
pale Kyeshero, ufukweni, ambapo upepo haufiki.
Mama Nsimire, muuza sambaza, akanicheka.
Akawasha mshumaa, akaushusha hadi kimo cha mtoto:
ukazimika.
Mazuku. Hewa isiyo na harufu,
imelala chini kama mbwa asiyebweka.

Nikafuta. Nikapandisha bembea kwenye mgongo wa lava,
nikayaacha mawe meusi yalivyopoa,
nikayasugua pale tu magoti yatakapoangukia.
Bondeni nikachora ukuta, na matete mengi.

Mchoro wa pili nikawaonyesha watoto waliokuja kuteka maji.
Kavugho, miaka minane, aliutazama sana.
«Na bidoni nitaiweka wapi nikicheza?»

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa nimechora watoto wasiotumwa.

Sasa kuna ukingo wa jiwe kando ya bembea,
kimo cha kiuno chake, bidoni ishirini zinaenea,
na kivuli cha kuegesha chukudu.
Mkubwa wa ofisi ameuliza haya ni mapambo gani.
Nimemwambia aje saa kumi na mbili asubuhi,
na bidoni yake.