Sifuri Isiyofika

Rangi kwanza. Lamara aliikwangua kwa msasa
mpaka chuma kikang'aa kama jino.
Nje, Zestaponi ilikuwa theluji na moshi wa tanuri.
Ndani ya nyumba ya pampu, bomba lilinguruma tu.

Jana Jumberi alifunga vihisi
hatua moja baada ya kiwiko,
pale maji yatokapo konani na kizunguzungu chao.
Kipimo kikapayuka: arobaini, tisa, hakuna, sitini.
"Kibovu," akasema. "Kirudisheni kilikotoka."

Lamara hakujibu.
Alihesabu vipenyo kumi vya bomba lililonyooka,
akaacha mgongoni, hewa hupenda kulala huko,
akaacha tumboni, kwenye tope,
akachagua ubavu.
Akapima unene: milimita nne.
Karatasi zilisema sita. Kutu haisomi karatasi.
Akapaka jeli, akakaza mikanda,
na sauti asiyoisikia mtu ikavuka maji,
ikaenda na mkondo, ikarudi ikiupinga,
na tofauti ya safari hizo mbili,
ndogo kuliko kupepesa jicho,
ikawa namba iliyotulia:
lita thelathini na moja kwa sekunde.

"Sasa funga vali, tuione sifuri."
Jumberi akazungusha gurudumu
mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.
Namba ikashuka, ikashuka,
ikagoma kwenye mbili.
"Si nilikwambia?"

Lamara akatega sikio kwenye vali.
Akamwita. Naye akatega lake.
Humo ndani, kitu kilikuwa kinanong'ona.

Jumberi akavua kofia.
Miaka kumi na tisa, kila Jumamosi,
alikuwa akitia saini: *imefungwa*.