Madaftari ya Darasa la Tatu

Shule ilifungwa Ijumaa. Leo Jumapili
feni inazunguka kwa uvivu, umeme mdogo,
nami nimekaa sakafuni, hapa Segerea,
na rundo la madaftari yenye majalada ya kaki
niliyoyavisha mwenyewe Januari,
gundi ikining'ang'ania vidoleni.
Muuza karanga wa kituoni ananunua kwa kilo.
Nikamwambia, ngoja niyapitie kwanza.

Hisabati.
Mwezi wa pili, saba mara nane ni hamsini na nne.
Mwezi wa tano, hamsini na nne bado.
Mwezi wa nane, hamsini na sita,
na pembeni kalamu nyekundu imechora nyota
kubwa kuliko jibu.
Hesabu yangu mimi mwaka mzima ilikuwa moja:
ada, gawanya kwa nne,
jumlisha basi, jumlisha sare za michezo.
Sikupata nyota. Nilipata risiti.

Sayansi. Amechora mzunguko wa maji:
bahari inatabasamu, mishale inapanda, wingu lina miguu.
Mvuke ukikutana na ubaridi hugeuka matone.
Hilo nalijua, Nuriyati.
Miaka kumi na minne napanda ngazi za Upanga
kuzibua mipira inayodondosha matone hayo hayo
kwenye vichwa vya wapita njia.
Hakuna aliyewahi kuniambia ni sayansi.
Waliniambia, "Fundi, inavuja."

Kiingereza naenda kwa kupapasa,
kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.
Ni yeye aliyenisahihisha mezani
namna ninavyotamka kompresa,
neno nililolila na ugali kabla hajazaliwa.
Mama yake alicheka mpaka akapaliwa.

Kifaransa ni kurasa nne tu.
Mwalimu aliondoka Aprili, hatukuelezwa sababu,
ila mpaka leo paka wetu anaamkiwa bonjuu.

Kompyuta: mashine sita, watoto thelathini.
Zamu isipokufikia, unachora kipanya kwa penseli.
Amechora vipanya kumi na tisa.
Wa mwisho ana masharubu.

Katika Jiografia, nchi nzima imejaa kiganja
na Dar es Salaam ni nukta ya wino.
Usiku ule aliniuliza,
"Baba, sisi tunakaa upande gani wa nukta?"
Nikamwambia lala, kesho basi linakuja saa kumi na moja na nusu.
Sasa nimelifungua tena ukurasa ule,
nimeutazama, na jibu sina.

Chini kabisa, Kiswahili. Daftari jembamba,
alama sitini na moja, za mwisho kwake mwaka huu.
Insha: Kazi ya Mzazi Wangu.

*Baba yangu ni fundi wa baridi.
Anabeba baridi kwenye mtungi anawapelekea watu.
Akirudi jioni anakuwa ameimaliza yote
ndiyo maana anatoka jasho.*

Madam Eliwaza amepiga mstari chini ya "fundi wa baridi",
akaandika juu yake: fundi viyoyozi.
Ni sahihi, Madam. Ndivyo ilivyo kwenye kadi yangu.
Lakini nimesoma tena mistari ile minne,
nikainuka kwenda kunawa uso,
na maji ya bomba yalikuwa ya moto.

Daftari hilo nimelirudisha kabatini, pamoja na la vipanya.
Mengine yamefika kilo mbili na robo.

Jumatano, kituoni, nikanunua karanga za mia mbili.
Nikafungua kikaratasi, mwandiko naufahamu:
saba mara nane ni hamsini na nne.
Nikazila moja moja, nimesimama pale pale,
halafu nikaikunja karatasi, na chumvi yake,
nikaitia mfukoni.