Joto la Friza

Nyuma ya duka la aiskrimu, hapa Malindi,
friza hupumua joto ukutani.
Kipupwe kikianza, hapo ndipo alalapo Kitsao:
boksi chini, gunia juu,
chupa ya gundi kifuani.

Ladha zote anazijua kwa Kitaliano
kunishinda mimi ninayeziuza.

Nilimuuliza kilichomtoa kwao.
"Babu aliota mvi," akasema,
akanyamaza kama aliyemaliza.
Na kweli alikuwa amemaliza:
siku hizi mvi ni kesi,
na hakimu ana panga.
Mama yuko Gongoni, anazoa chumvi
kwa miguu iliyochanika.

Leo tajiri kaniagiza:
kabla hujafunga, mwaga ndoo ya maji pale,
wakome.

Saa tano nimesimama, ndoo inanivuta bega.
Gizani mgongo mdogo unasogea,
unanipisha.